Chokaa Jichoni mwa Fundi Rangi

Mwaka mzima mume wangu, fundi rangi, alinigombeza eti sisafishi madirisha. Daktari alipompima akasema madirisha hayana kosa: tezi ndogo ya shingoni imeharibika, inajaza madini ya chokaa kwenye damu, nayo yameganda juu ya mboni za macho yake. Tezi itatolewa kwanza, macho yatakwanguliwa baadaye.

"Sawa kabisa," mume wangu akamjibu, kana kwamba anaongea na fundi mwenzake. "Ukikwangua ukuta kabla ya kuziba bomba linalovuja, ule unga mweupe wa unyevu unarudi."

Yakafanyika yote mawili. Bandeji ilipotolewa, alirudi nyumbani, akasimama sebuleni, akaukodolea macho ukuta.

"Mama watoto, nani kapaka uchafu huu?"

"Wewe," nikamwambia. "Mwaka jana. Mimi nilikuwa nasafisha madirisha."