Kichwa cha Tatu kwenye Bodi ya Kinyozi

Kwa misimu miwili mtu pekee aliyekataa kichwa cha mdogo wangu kichorwe kwenye bodi ya kinyozi alikuwa mimi, dada yake wa tumbo moja, niliyemlea. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani.

Kinyozi alikuwa Mkongo wa Bukavu, na duka lake lilikuwa chini ya jengo la fleti tulilokuwa tukiishi, mtaa wa Albert Park, Durban. Vinyozi wengine wa mtaa huo walichora kwenye bodi zao vichwa vya watu wasiojulikana, ili mteja anyooshe kidole na kusema nataka kama huyu. Yeye alichora namba kumi. Namba kumi wa timu ya mpira ya chuo cha ufundi kilichokuwa juu ya kilima, Berea, wale waliovaa jezi hiyo wakaifanya ikumbukwe. Bodi ilikuwa na nafasi ya vichwa vitatu tu.

Chuo tulikiita chetu. Katika sisi tuliokutana pale dukani kila Jumamosi jioni, hakuna aliyewahi kukaa kwenye dawati lake hata moja. Kulikuwa na dereva wa lori, Mtanzania mwenye sauti ya kuamsha jengo zima, kulikuwa na wauza nguo, walinzi, mafundi viatu, na kulikuwa na mimi, niliyeacha shule kidato cha pili na kwenda kusukuma toroli kwenye ghala la Clairwood. Tulikuwa tumekiona chuo kupitia uzio wa uwanja. Hilo halikutuzuia kusema "sisi wa chuo" kama watu waliosahau vitabu vyao bwenini. Uwanja ulikuwa bure, na hakuna aliyetufukuza.

Mjadala ulikuwa na sheria zake, na kinyozi ndiye aliyekuwa hakimu, wembe mkononi. Mchezaji alikubaliwa kwenye bodi msimu wake wa mwisho ulipokwisha, au asikubaliwe kabisa. Kichwa hakikupanda mpaka pasiwe na mtu hata mmoja dukani anayekataa. Kikipanda kipya, cha zamani kuliko vyote kinapakwa rangi juu. Anayedai jambo kuhusu mchezaji asimame alionyeshe kwa mwili wake, si kwa mdomo tu. Na ndugu wa mchezaji haruhusiwi kumsifu. Sheria hii ya mwisho ilitungwa baada ya baba mmoja kutumaliza jioni nzima akimsifu mwanawe, ambaye alikuwa kipa wa akiba. Atakayeivunja, faini yake ni kufagia nywele za siku hiyo. Jumamosi watu wote wa kanisani wananyoa. Nywele zinatosha kujaza godoro.

Hakuna aliyefikiria kutunga sheria juu ya ndugu anayepinga.

Kichwa cha zamani kuliko vyote kwenye bodi kilikuwa cha kijana aliyecheza kwa mguu wa kushoto, na huyo alikuwa wangu. Namaanisha mimi ndiye niliyempandisha, kwa kelele. Nilimwona miaka ambayo mpira ndiyo kwanza nauanza. Nilikuwa nikitoka kazini Jumamosi mchana napanda teksi, daladala za huku, hadi Berea, nasimama kwenye uzio na mfuko wangu wa mboga, nikiwa sielewi kitu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mchezaji aliyeotea amefanya utovu wa adabu, nami nilimtazama kwa jicho kali kama ninavyowatazama wadogo zangu. Lakini yule wa kushoto alieleweka hata kwa mtu kama mimi. Alikuwa mwepesi. Alipokea mpira na papo hapo haukuwa tena kwake, na mabeki walibaki wakikimbilia mahali alipokuwa zamani.

Mdogo wangu hakuwahi kumwona. Jumamosi mchana alikuwa madrasa, na katika nyumba yangu madrasa haikubishaniwa. Kwa hiyo niliporudi nilimsimulia. Jikoni, huku wali ukiiva, nilikunja soksi zikawa mpira, nikaondoa stuli, nikamwonyesha. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, alikaa juu ya meza akawa mashabiki.

"Kisha akafanyaje?" mdogo wangu aliuliza.

"Akapokea hivi. Akafanya hivi. Halafu pasi."

"Rudia."

Nikarudia, mpaka wali ukashika chini.

Miaka ikapita, akamaliza sekondari, akaingia chuo kile kile. Siku alipoleta barua ya kukubaliwa nilikwenda ghalani nikasukuma toroli kana kwamba lina injini. Mwaka wa pili alipewa jezi namba kumi. Hapo mashabiki wakaanza kunitazama.

Nieleze ukaidi wangu ulikotoka, ingawa hii si kujitetea. Baba alituleta Durban kwa kazi ya ufundi wa mashine. Alipofariki, na mama akafuata kabla hatujazoea, baba yetu mdogo alikuja kutoka Tanga na mpango mzuri kabisa. Mdogo wangu wa kiume aende kwake, wa kike aende kwa shangazi Muheza, nami kulikuwa na mtu ananitaka. Aliueleza kwa upole. Nikasema hapana. Akaueleza tena, akilia. Hapana. Akamleta shekhe, nikampa shekhe chai yenye tangawizi na maandazi, nikasema hapana. Baba mdogo akaondoka peke yake, na sisi watatu tukabaki kwenye fleti.

Tangu siku hiyo nimekuwa na imani kubwa mno na neno hilo. Lilinifaa mara moja katika jambo kubwa, nikaanza kulitumia kwenye mambo ya bei ya vitunguu, rangi ya mapazia, na namba kumi wa chuo.

Maana mdogo wangu akipanda bodini, yule wa kushoto angepakwa rangi. Nilikuwa nimeapa mbele ya duka zima kwamba hatatokea mwingine kama yeye. Basi jina la mdogo wangu lilipoanza kutajwa nilisema hapana, na watu walipocheka wakidhani natania, nilisema tena na sababu nikatoa.

"Anaburuta mguu," nilisema. "Kabla ya kila pasi anaburuta mguu wa kulia. Kuna haja gani? Anapiga pasi kama anayesukuma toroli."

Dereva wa lori alishika kichwa. "Dada, hata mama mkwe hamkatai mtu namna hii."

"Mama mkwe ana haya. Mimi naangalia mpira."

Albert Park haina siri. Kesho yake mdogo wangu alikula ugali wake hadi mwisho, akanawa, ndipo akauliza:

"Dada, ni kweli umesema napiga pasi kama mtu anayesukuma toroli?"

"Nimesema."

"Wewe ndiye unayesukuma toroli."

"Ndiyo maana najua."

Hakucheka. "Ungeweza kunyamaza," alisema. "Sheria inakuruhusu kunyamaza." Akaenda kusoma. Nilibaki na sahani, nikijiambia kwamba mtoto aliyelelewa vizuri ndiye anayeweza kuambiwa ukweli. Nilijiambia hivyo msimu mzima, na wa pili pia. Yeye hakuuliza tena, ila kila Jumapili alinitazama kidogo nilipokuwa nikipakua, kuona kama kuna habari. Habari haikuwepo.

Msimu wake wa mwisho ukafika mechi ya mwisho. Ikipita hiyo, angekuwa amemaliza chuo, na duka lingeamua jioni ile ile. Nilikwenda uwanjani nikiwa nimenuia kuwa mwadilifu, yaani nimenuia kutobadilika. Kipindi cha pili, hakuna goli, mdogo wangu akapokea mpira katikati. Mabeki wawili wakamjia. Akaburuta ule mguu wa kulia, kidogo tu, kama mtu anayetaka kujikwaa akaghairi. Mabeki wote wawili wakaenda upande mmoja, mpira ukaenda wa pili, na winga wetu wa kulia akawa peke yake na kipa.

Dereva alinishika bega akinitikisa. "Umeona?"

"Nimeona. Ameburuta tena."

"Na goli limeingia."

"Goli limeingia kwa bahati."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayekataa dawa.

Jioni duka lilijaa hadi nje. Nilishuka kutoka ghorofani na ndara za nyumbani, maana nilikuwa nimeivisha mchuzi kwanza. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, ananyolewa kwa ajili ya picha ya kumaliza chuo. Jezi yake ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki miguuni. Hakugeuka. Tulionana kwenye kioo.

Kinyozi alizima mashine yake. "Bon," alisema. "Leo tuko na kazi moja. Huyu mutoto anamaliza. Nani anakatala?"

Hakuna aliyeinua mkono. Watu walikuwa wanautazama wangu. Nikauinua.

Dereva akasema, "Eish."

"Dada mukubwa," kinyozi alisema taratibu, "wewe uko na kichwa nguvu. Sheria inasema uonyeshe. Onyesha."

Wakanipa nafasi katikati. Mtu akanitupia kofia iliyokunjwa iwe mpira. Nilitaka kuwaonyesha vizuri ubaya wa ule mguu, nikaufanya kwa moyo wote: nikapokea kofia, nikainama kidogo, nikaukunja unyayo, nikaburuta ndara ya kulia sakafuni, halafu pasi. Kofia ikampita dereva, ikampita fundi viatu, ikatoka mlangoni. Hakuna aliyeidaka.

Duka zima likaugeukia mlango. Nilidhani nimeshinda.

"Hapo hapo," mdogo wangu alisema kwenye kioo. "Ndivyo alivyonifundisha."

"Nani amekufundisha?" dereva aliuliza.

"Dada. Jikoni. Alisema ndivyo anavyofanya yule wa kushoto. Mimi sikumwona yule bwana hata siku moja, nilimjua kwa miguu ya dada tu. Nimefanya mazoezi ya kitu kile tangu nina miaka kumi na nne."

Nilitazama chini. Ndara zile zilikuwa mpya, lakini miguu yangu haikuwa na habari hiyo. Za zamani, za miaka ile ya jikoni, mkanda wa kulia ulikuwa umekatika nami niliufunga kwa waya. Ili ndara isiruke pamoja na soksi, ilinibidi nikunje vidole na kuburuta mguu kabla ya kupiga. Yule wa kushoto hakuburuta kitu maishani mwake. Na mguu wenyewe nilioonyesha ulikuwa wa kulia, maana kwa kushoto siwezi kusukuma hata mlango. Mdogo wangu alikuwa amemwiga mtu ambaye hakuwepo: nusu mchezaji, nusu ndara yangu mbovu. Na mtu huyo alikuwa amewapeleka mabeki wa kila chuo upande usio wao kwa misimu miwili, nami nikiwa kwenye uzio nalalamika.

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Dereva alitoka nje kabisa, akarudi, akatoka tena. Mtu mmoja alisema kichwa kinachotakiwa kuchorwa ni changu. Mwingine akasema hapana, ichorwe ndara.

Mdogo wangu peke yake hakucheka. Alikuwa bado ananitazama kwenye kioo, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, kwa ule utazamaji wake wa Jumapili.

"Dada," kinyozi alisema, akijifuta machozi, "sema tu haukatale. Inatosha. Haulipe kitu."

Ni kweli, ilitosha. Ningesema sipingi, mambo yakaisha, nami nikapanda zangu kwa mchuzi. Lakini "sipingi" ni neno la kumwambia mpangaji mwenzako anayetaka kuanika nguo kwenye kamba yako. Nilikwenda pembeni nikachukua ufagio.

Nilianza karibu na mlango. Ilichukua muda watu kuelewa, na kila aliyeikumbuka faini alinipisha. Nilizikusanya nywele za Jumamosi nzima, nikafika chini ya kiti cha kinyozi. Mdogo wangu akainua miguu yote miwili nipite.

"Ndiye bora kuliko wote," nilisema, nikiwa nimeinama hapo. "Na kuliko wa kushoto. Hata huko kuburuta."

"Huko kuburuta hasa," dereva alisema.

"Nyamaza, nafagia."

Mdogo wangu alishusha mguu mmoja, taratibu, juu ya ndara yangu, akaukandamiza kidogo. Kisha kinyozi akawasha mashine amalize upande uliobaki.

Wiki iliyofuata kichwa kilipanda. Kinyozi alikuwa na wembe mzuri kuliko brashi, na mdogo wangu alitoka anafanana na kila mtu. Kwa kuwa rangi ya kufunikia haikutosha, sikio moja la yule wa kushoto lilibaki linachungulia kando, hivyo mdogo wangu akawa na masikio matatu. Wateja waliuliza huo ni mtindo gani wa nywele. Kinyozi aliona aibu, akanunua kopo jingine la rangi, akapanda ngazi ili alifute sikio hilo.

Nilikuwa napita na mfuko wangu wa mboga. Nilisimama chini ya ngazi nikasema hapana.