Cherehani Nyeusi ya Mama Pindo

Mama Pindo hakumwibia mtu hata sindano maishani mwake. Uliza mtaa mzima. Lakini jamani, mkono wa kutoa nao una hila zake.

Yeye na wajane wenzake waliunda shirika la kuwashonea yatima sare za shule. Siku ya kulianzisha kila mmoja alitoa alichonacho: huyu mkasi, yule meza, na Mama Pindo cherehani yake nyeusi ya miguu, iliyomlelea binti yake wa pekee. Cheti cha usajili kilipotoka wakakitundika ukutani na vigelegele juu: kodi kwisha! Thubutu! Cherehani za msaada kutoka ng'ambo zilipowasili, forodha ikazizuia mpaka ushuru ulipwe. Kumbe usajili ni kitu kimoja na msamaha wa kodi ni kingine. Unaombwa, na hupewi mpaka ionekane mali ya shirika haigeuki mali ya mtu, hata awe mwanzilishi.

Afisa wa kodi akaja kukagua, kijana mpole, shikamoo mbele. Akatazama huku na huku, orodha ya mali ya shirika mkononi.

"Mama, ile cherehani nyeusi mliyoanza nayo iko wapi?"

"Iko kwa fundi," akasema Mama Pindo. Ulimi ulitangulia akili.

Wajane wakainamia vitambaa vyao. Wote walikuwepo kwenye harusi ya binti yake, wakaiona ikibebwa kuwa zawadi, na hakuna aliyekohoa. Nani amguse Mama Pindo, mwenyekiti wao?

"Hamna shida, nitarudi Jumatatu niione."

Alipotoka, mjane mkubwa kuliko wote akasema taratibu, "Dada, huyo fundi wako mwambie asichelewe." Hakucheka. Afadhali angemtukana.

Jumapili akaenda kwa binti yake. Alimkuta na mimba yake kubwa, anashona kanzu ya kitoto, nguo za wateja zimerundikana pembeni.

"Mama, karibu! Hii cherehani ndiyo inatulisha, kweli tena."

Mama Pindo akatamani ardhi ipasuke. "Mwanangu, nimekuja kuichukua."

"Zawadi inarudishwa, mama?"

"Sikukupa changu. Nilikupa cha wenzangu."

"Si nimekua nikiiona nyumbani kwetu!"

"Ilikuwa yetu. Niliitoa mbele ya watu, na ukishatoa umetoa. Kesho nitamwambia afisa ilikuwa wapi, liwalo na liwe."

Binti akamkazia macho. "Siku unanipa, ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Nani angembishia?

"Nilijua," akasema. "Nilijiona shirika ni mimi."

Binti akakata uzi, akaitoa ile kanzu yenye mkono mmoja, akaikunja na kuiweka mapajani mwa mama yake.

"Hii utaimalizia wewe, kwa mkono," akasema, kisha akashika upande wake wa cherehani waibebe.