Jina la nne kwenye karavani

Jamani, leo nimeandika jina la mtu na sina amani kabisa.

Mnajua kazi yangu hapa Turffontein: wenye karavani za kupigia kambi, vile vijumba vya kuvutwa na gari, huzipa majina, mimi nayapaka rangi.

Leo mzee mmoja kaleta yake. Iitwe Lerato, jina la mke wake mpya.

Nikakwangua jina la zamani, Petra.
Chini yake, Susan.
Chini ya Susan, Maria.

"Wake zangu," akasema. "Wote marehemu. Walipenda sana safari."

Eish!

Lerato mwenyewe yuko garini, ananipungia mkono, anacheka.

Nikauliza, rangi gani?

"Yoyote, bora iwe rahisi kukwangua."

Nimeandika.

Ningemwambia nini yule dada? Wanaondoka kesho asubuhi.