Asilimia Tano ya Mzee Thadeo

Thadeo amestaafu udaktari wa mifugo, lakini kukasirika hajastaafu. Mwaka huu ndama watatu wamemfia kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, na josho la kijiji chao, nje kidogo ya Butiama, limepasuka sakafu, dawa yote inanyweshwa ardhi. Kamati ya zamani ya josho ilikaa miaka sita ikinywa chai. Ilipovunjwa, yeye ndiye aliyesimama mkutanoni kusema wachague mpya kwa mtindo wa Wacheki.

Ujanani alisomea kazi yake Brno, mji wa Wacheki, na mpaka leo, kila uchaguzi wa kule ukiisha, rafiki yake humpigia simu kumweleza chama gani kimeungana na kipi. Basi wanakijiji wakakalishwa chini, wakafundishwa. Kule humpigii mtu kura, unapigia orodha ya chama. Ukipenda unazungushia majina manne unayotaka yapande juu. Viti hugawanywa kwa kadiri ya kura. Na chama kisichofikisha asilimia tano hakipati kiti hata kimoja.

"Hiyo asilimia tano lazima iwepo," alisisitiza. "La sivyo kila mwenye mashemeji wawili ataleta orodha yake hapa!"

Wiki mbili alizunguka na ubao akichora viti. Alifika hadi Bunda kutoa nakala za maelezo. Orodha yake ilikuwa na majina tisa na ahadi moja: sakafu ya josho itengenezwe kabla ya masika. Mpinzani wake Mniko, anayetaka josho lihamishiwe mtoni karibu na boma lake, hakuchora chochote. Yeye alipita nyumba kwa nyumba, akala ugali wa watu, akauliza hali za wagonjwa.

Walipiga kura watu mia mbili. Orodha ya Thadeo ilipata kura tisa.

"Tisa ni asilimia nne na nusu, mzee," alisema mwalimu Gloria, msimamizi. "Tulipitisha sheria yako mwenyewe."

Thadeo alizihesabu upya mara tatu, akazikasirikia hata karatasi. Wagombea tisa, kura tisa. Kila mmoja alijipigia, basi. Akaenda nyumbani mbio mbio, akamkuta mkewe Marieta anachambua dagaa.

"Mama Naomi, ulimpigia nani?"

"Mniko."

"Mniko! Ndama wetu wanakwisha, wewe unampa Mniko?"

"Mniko alikujaga hapa mara tatu, akakaa kwenye kigoda hicho, akaniomba kura. Wewe, Baba Naomi, wiki mbili nzima ulikuwaga unanifundisha Wacheki. Kuniomba, hukuniomba."

 Thadeo alichukua kipimajoto chake akaenda zizini. Ndama wa nne alikuwa amegoma kunyonya tangu asubuhi, na tezi za chini ya sikio zilikuwa zimevimba, kama za wale watatu.