Faili Kubwa Katika Namba Ndogo

Siku zile za studio ya Kimara nazikumbuka bado, mwanangu, maana nilikuwa kijana na nilijiona fundi. Tulikuwa tunarekodi harusi. Nilikuwa nimeandika programu kwa lugha ya C: inanakili video kutoka kadi ya kamera kwenda kompyuta, kisha inafuta kadi. Ukubwa wa faili niliuweka kwenye int ya biti thelathini na mbili, aina ya namba isiyobeba hesabu kubwa. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa programu, ikanionya kwamba namba inaweza kukatwa. Nikazima maonyo, yalikuwa yananiudhi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hizi mkuu mwingine ni mashine.

Ikaja harusi ya Neema wa Chanika. Faili lilikuwa la gigabaiti tano. Namba yangu haikuwa na nafasi ya tano. Ikakatwa kimyakimya: gigabaiti nne zikadondoka, ikabaki moja. Programu ikanakili hiyo moja, ikaandika "tayari", ikafuta kadi. Kesho yake kadi ile ile ikaenda kurekodi kipaimara Kunduchi, ikajaa mambo mengine.

Wiki iliyofuata babu yake Neema akafariki. Familia ikaomba maneno aliyomuusia mjukuu wake mwishoni mwa sherehe. Hayakuwapo.

Mzee Mchopa, mpiga picha wetu, aliniuliza, "Ulijaribu kwa faili gani?"

"Dogo tu, mzee. La dakika tano."

"Dakika tano! Harusi ya Dar umeiona wapi ikaisha kwa dakika tano? Mashangazi peke yao wanacheza na zawadi saa nzima!" Kisha akachukua kofia yake. "Twende Chanika. Utasema mwenyewe."

Nilisema. Neema hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hata sauti yake, kaka?"

"Hata sauti, dada."

Basi, mwanangu, ukubwa wa faili uweke kwenye namba pana, kama int64_t ya biti sitini na nne. Ukilazimika kuuhamishia kwenye namba ndogo, pima kwanza kama unaenea. Usipoenea, programu isimame na iseme. Maonyo yasome, hata yakikuudhi. Jaribu kwa faili kubwa kuliko lolote utakaloletewa. Na usifute cha mtu kabla hujalinganisha nakala na asili yake.

Mungu akujalie mkono mwangalifu, na akuepushe kubisha hodi kwa mfiwa ukiwa na jibu kama langu.