Matete Aliyoyang'oa Dobi

Mume wangu ni dobi, na mtaani wanamwita Mwenyekiti. Cheo alijipa mwenyewe, watu wakamwachia tu.

Miaka thelathini na moja anafua mashuka ya nyumba za wageni kwenye jiwe bapa mtoni; mimi naanika, nakagua, napiga pasi. Maji yalipoanza kuja na mapovu na mifuko ya plastiki, madobi wenzake walihamia mjini penye mabomba. Yeye akasema haondoki ng'o. Akaunda kikundi: mama wa genge, fundi baiskeli, na wastaafu wawili wenye midomo kuliko mikono. Kila Jumamosi walishuka na reki na magunia. Nilinuna, maana chai yao nachemsha mimi, lakini moyoni nilifurahi. Mto ukifa, mume wangu hana kazi nyingine anayoijua.

Sasa sikilizeni balaa lake. Dobi ni dobi. Akiona tope, mikono inamwasha. Takataka zilipoisha akageukia matete ya ukingoni.

"Haya ndiyo yanayofuga uchafu," akasema. "Oneni mizizi ilivyo myeusi!"

Wakang'oa yote, pande zote mbili. Mto uling'aa, weee! Watu walikuja kupiga picha, na Mwenyekiti akatembea kifua mbele wiki nzima.

Ikanyesha mvua moja tu. Ukingo ukaporomoka, jiwe likafukiwa, maji yakawa tope. Bibi shamba alipofika kukagua mashamba ya jirani, alishika kichwa.

"Mzee wangu, uchafu ulikuwa unanaswa na ile mizizi usikufikie. Na huu udongo ulidhani unashikwa na nini?"

Akaitikia kwa kichwa. Mtu ambaye hata usingizini anabisha!

Akapanda matete upya, maji yakayazoa. Akapanda tena, peke yake sasa, maana kikundi kilijifia chenyewe. Wateja wakatukimbia mmoja mmoja, akabaki mama mwenye nyumba ya wageni ya karibu na stendi. Naye juzi akaleta mashuka kumi, akasema, "Haya yakirudi yananuka, dada, tusilaumiane."

Jana mume wangu aliyafua kwa maji aliyoyachuja kwa kitambaa. Aliyasuuza mara tatu, mpaka vidole vikachubuka. Akaniletea la kwanza kambani.

"Kagua."

Nikalinusa. Tope tupu. Haki ya Mungu nilitaka kumfokea: nani alikutuma ung'oe? Nikaviona vile vidole.

"Limetakata," nikasema. "Limetakata sana, mume wangu."

Akanitazama. Miaka yote hiyo sijawahi kumpitishia shuka bila kulitoa kasoro.

"Kumbe ni vibaya kiasi hicho," akasema, akalikunja likiwa bado bichi.