Karatasi Niliyomwambia Shemeji Aikunje

Huku kwetu Nyeri marehemu hafi kwa ugonjwa wenye jina. Wasifu unaosomwa kanisani husema "aliugua kwa muda mfupi," basi, wimbo unafuata. Kaka yangu mkubwa alipoanguka shambani kwake Gakindu akafa, ni mimi niliyeandika wasifu wake.

Mkewe alinionyesha karatasi ya daktari: mshipa mkubwa wa damu unaopita tumboni ulikuwa umevimba, ukapasuka. Nikamwambia, "Shemeji, kunja hiyo. Tuko na wasichana wa kuolewa. Watu watasema ni ugonjwa wa nyumba yetu." Nikaandika kwamba alisumbuliwa na mgongo kwa muda mfupi. Kaka alilalamikia mgongo siku ile, na alikuwa amebeba magunia ya kahawa maisha yake yote. Nani angebisha?

Aliikunja. Lakini miezi mitatu baadaye alinitokea nyumbani Ruring'u asubuhi, nimekaa mlangoni na sigara yangu ya kwanza. Alikuwa amerudi kwa daktari peke yake kuuliza uvimbe ule huletwa na nini.

"Sigara ndiyo ya kwanza," akasema. "Halafu presha. Halafu uwe mwanamume, umepita sitini, na ndugu yako alikuwa nao. Wewe uko na zote. Vaa viatu."

Nilikasirika, kusema kweli. Ati nazikwa kabla ya chai! "Tumbo langu haliniumi hata kidogo," nikamwambia.

"Na lake lilimuuma lini, kabla ya siku ile? Mficha maradhi kifo humuumbua, shemeji. Vaa viatu."

Alikataa hata kiti. Nikavaa, nikinung'unika mpaka hospitalini. Msichana wa mashine ya picha akanipaka mafuta baridi tumboni, akapima, akapima tena. Hapo nikaacha kunung'unika. Uvimbe ulikuwepo, kwenye mshipa ule ule, na daktari akasema umeshakuwa mkubwa wa kunitia hatarini. Ngai, Mungu wangu! Niliogopa kama mtoto.

Nilifanyiwa upasuaji, mshipa ukatengenezwa. Shemeji alikuwa akiniletea uji kwenye thamosi, akinikaripia nisipoumaliza. Sigara sijagusa tena, na dawa ya presha nameza kila asubuhi.

Kaka alipotimiza mwaka tulifanya ibada ya kumbukumbu kwake. Niliomba maikrofoni, nikausoma wasifu upya, na safari hii nikataja mshipa, sigara na undugu wetu. Nikasema mbele ya watu wote kwamba niko hai kwa sababu ya huyu mama, na sina shukrani za kumtosha.

Chai ilipokuja, binamu zangu wawili walimfuata kumwuliza mahali pa kupimwa. Akaitoa ile karatasi kwenye Biblia yake, akaifungua mezani. Mikunjo ilikuwa karibu kuikata vipande. Mpaka leo hajanikumbusha hata mara moja ni nani aliyemwambia aikunje.